Kudurusu Biolojia kwa Kuifuata Selimundu, Kutoka Jeni Hadi Dimbwi la Maji

Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne kwa kawaida hudurusu mada mojamoja: leo jenetiki, kesho seli, wiki ijayo ikolojia, na kila mada hubaki peke yake kama kisiwa. Katika kufundisha biolojia nimeona kwamba mada hizo hukaa kichwani zinapofungwa pamoja kwenye jambo moja, na sijapata linalofaa kuliko ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Andaa daftari, kalamu, vikombe viwili na maharage ya rangi mbili.

Hatua ya kwanza: jeni. Andika herufi GAG. Katika jeni ya mnyororo wa beta wa himoglobini (protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu), iliyo kwenye kromosomu ya 11, herufi hizo za DNA huagiza asidi ya glutamiki, mojawapo ya asidi amino zinazounda protini, iwekwe katika nafasi ya 6. Sasa badili A iwe T, zisomeke GTG, na nafasi hiyo itachukuliwa na valini. Mnyororo mzima una asidi amino 146, na iliyobadilika ni moja tu. Usiendelee mpaka uweze kueleza kwa maneno yako tofauti kati ya jeni, ambayo ni maelekezo, na protini, ambayo hutengenezwa kwa kuyafuata.

Hatua ya pili: seli. Himoglobini yenye valini hiyo, inapoachia oksijeni, hushikamana na kuwa nyuzi ndefu zinazoipinda chembe nyekundu ya damu mpaka ifanane na mundu. Chora mshipa mwembamba wa damu, kisha uonyeshe mahali chembe hizo zinapokwama. Hapo ndipo maumivu makali ya mgonjwa yanapoanzia. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, ilhali ya mundu huishi siku 10 hadi 20, na ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu. Jiulize pia: ikiwa chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, jeni ilisomwa wapi? Ilisomwa kwenye uboho wa mfupa, kabla kiini hakijatolewa.

Hatua ya tatu: urithi. Hapa usiharakishe. Weka katika kila kikombe maharage 20 mekundu, yaliyo badala ya aleli A (aina ya kawaida ya jeni hiyo), na 20 meupe, yaliyo badala ya aleli S (aina ya selimundu). Kila kikombe ni mzazi mwenye AS, yaani mwenye vinasaba vya selimundu lakini asiyeugua. Bila kutazama, chukua harage moja kutoka kila kikombe, andika jozi uliyopata, rudisha maharage yote mawili, changanya, kisha rudia mara 40. Matarajio ni AA 10, AS 20 na SS, yaani anayeugua, 10, lakini huenda ukapata SS 7 au 13, na hilo si kosa. Baada ya hapo ndipo uchore jedwali la Punnett, linaloonyesha jozi zote ambazo mtoto anaweza kurithi, kwa sababu sasa unajua visanduku vyake vinne vinamaanisha nini.

Kosa ninalokutana nalo kila mwaka ni kudhani kwamba robo maana yake ni mtoto mmoja kati ya wanne wa familia, hivyo wa kwanza akiugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Maharage yalirudishwa kikombeni kila mara. Kila ujauzito nao huanza upya na uwezekano uleule. Naomba ulielewe vizuri, kwa kuwa siku moja unaweza kulieleza kwa wazazi wanaoamua jambo kubwa.

Hatua ya nne: uteuzi asilia. Ikiwa SS hudhuru kiasi hicho, kwa nini aleli S haijatoweka? Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kwamba hali ya AS ilikuwa ya kawaida pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini adimu nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba AS humpa mtu kinga fulani dhidi ya malaria inayoletwa na kimelea Plasmodium falciparum. Kinga hiyo si kamili, na mwenye SS hana nafuu hiyo: malaria kwake ni hatari kubwa.

Hatua ya tano: ikolojia. Nyanda za juu ni baridi, na chini ya nyuzi 18 hivi za Selsiasi vimelea vya malaria hukua polepole mno ndani ya mbu, hata mbu wengi hufa kabla vimelea havijakomaa. Baada ya mvua, chuchumaa kando ya dimbwi lenye jua. Viluwiluwi vya Anopheles, mbu waenezao malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Vya Culex, aina nyingine ya mbu, huning'inia vichwa chini. Chora mlolongo wa chakula: mwani, kiluwiluwi cha mbu, buu la kereng'ende, ndege. Mshale huelekea kwa anayekula, kwa kuwa unaonyesha nishati inakokwenda.

Hatua ya mwisho. Funga daftari, uisimulie safari yote kinyumenyume, kutoka dimbwini hadi herufi GAG. Kisha ujibu kwa maandishi: kwa nini aleli S hupatikana pia Oman na sehemu za India? Jibu lisilotaja mbu, mazingira yaliyokuwa na malaria na watoto wa AS waliofikia umri wa kuzaa bado halijakamilika.