SOMO: Usiniulize "Premio ni nzuri?" Niulize ina injini gani

Kila wiki napata meseji ileile. "Mkuu, X-Trail inasumbua?" "Noah vipi?" Kujibu mmoja mmoja nimechoka. Someni kwanza, maswali baadaye.

1. Jina la gari halikwambii kitu. Tafuta injini na giaboksi. Chukua Premio ya 2001 hadi 2007 (Allion ni pacha wake). Kwa nje zote sawa, kwa hiyo soma namba ya chesisi. NZT240 ni 1NZ-FE, cc 1500: kila fundi anaijua na spea zimejaa Gerezani, pale Dar. ZZT240 ni 1ZZ-FE, cc 1800: za mwanzo zina tabia ya kula oili. AZT240 ni 1AZ-FSE, cc 2000, ndiyo hiyo D4. Hii inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingiza hewa hazioshwi na mafuta, masizi yanajijenga. Pampu yake ya presha haivumilii petroli chafu, na nyuzi za boliti za silinda hedi upande wa nyuma hung'oka kwenye bloku. Dalali atakuambia zote tatu ni "Premio tu, boss".

2. Namba za chesisi na injini kwenye gari zilingane na kadi. Hazilingani, ondoka.

3. Kilometa za dashibodi hazina ushahidi. Tazama usukani, pedeli na kiti cha dereva.

4. Ikute injini ya baridi, iache ikiwa ya moto. Hapa ndipo nilipopigwa (gari silitaji), kwa hiyo vumilieni urefu. Nilikuta injini inanguruma tayari, nikazungushwa mtaa mmoja, AC inapuliza vizuri, nikatoa hela. Sasa fanya hivi: ukifika, weka mkono juu ya boneti kabla ya salamu kwisha. Ikiwa ya moto, mwambie muuzaji utarudi kesho asubuhi. Akianza kulalamika kuhusu muda wake, umeshapata jibu. Iwake mbele ya macho yako, mtu mwingine asimame nyuma ya sailensa. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Kisha endesha dakika 40 au zaidi, kwenye foleni na kwenye mlima. Giaboksi za CVT (otomatiki zisizo na gia za hatua, zinatumia mkanda) mara nyingi zinaficha ugonjwa zikiwa baridi. Zikipata moto ndipo RPM (mizunguko ya injini) inapanda gari likisita, au unasikia mvumo unaopanda na mwendo. Nissan X-Trail T31 (toleo la pili) na Nissan Dualis zinazotoka Japani nyingi ni CVT. T30 ya zamani ilikuwa na otomatiki ya gia nne, kwa hiyo msizichanganye. Marekani, Nissan waliongeza udhamini wa CVT za 2003 hadi 2010 mpaka miaka 10 au maili 120,000. Kampuni haitoi zawadi ya namna hiyo bila sababu.
ANGALIZO: muuzaji akikuambia "mafuta machache, tuzunguke hapahapa", weka mafuta kwa hela yako.

5. Fundi awe wako, aje na mashine ya kupima. Fundi wa muuzaji ni muuzaji.

MASWALI

Chuma_Ulete: Kwa hiyo mkuu Premio ni nzuri au mbaya?
— Namba 1.

Chuma_Ulete: Nimesoma, ila nataka jibu fupi.
— NZT240.

Dereva wa Noah: Nina Noah D4 mwaka wa saba, haijawahi kunilaza njiani. Acheni kutisha watu.
— Sijasema zote zinakufa. Nimesema ujue unachonunua. Yako unaitunza mwenyewe; ya kununua mkononi ilitunzwa na nani?

Binti Fundi: Boliti za D4 zikianza kuachia, nitajuaje kabla gari halijachemsha?
— Swali zuri. Injini ikiwa baridi, pima maji ya rejeta (kulanti), rudia baada ya safari ndefu, injini ikishapoa. Yakipungua na huoni tone chini, ingiza simu nyuma ya injini, karibu na ukuta wa kabini, upige video na taa. Ukiona ukoko mkavu wa kulanti pale bloku na hedi zinapokutana, ndio huo. Unatibika: nyuzi zilizong'oka zinatobolewa na kuwekewa nyuzi mpya za chuma. Ukisikia "tulibadilisha hedi gasketi" tu, uliza nyuzi zilifanywaje, la sivyo litarudi. D4 iliyotengenezwa hivyo kwa uhakika naiogopa kidogo kuliko ambayo haijaguswa. Na hata Harrier yenye injini ya 2AZ ya miaka ile iangalie hapohapo.

Njoro wa Nairobi: Huku kwetu gari la kuingizwa lisizidi miaka minane, D4 hizo si shida yetu tena. Watu wanakimbilia Golf TSI za Volkswagen (VW).
— Basi uliza giaboksi. DSG (otomatiki ya VW yenye klachi mbili) ya gia saba yenye klachi kavu ndiyo ya kuogopa. VW wenyewe waliita magari mengi yarudi kutengenezwa mwaka 2013 kwa ajili ya DSG za gia saba. Dawa ni namba 4: kaa nayo kwenye foleni ya Thika Road uone kama inatetemeka ikianza kuondoka.

Mzee wa Haidroliki: Nyongeza kwa wenye T31. Ukibadilisha mafuta ya giaboksi, kopo liandikwe NS-2 (mafuta ya CVT ya Nissan). Fundi akikuletea haidroliki ya kawaida ya otomatiki, mzuie kabla hajafungua nati.
— Asante mzee. Na kopo ufungue wewe.