Jarida la muziki la wanafunzi: panga mashairi kwanza, jalada baadaye

Nimetoka kuwasaidia wanafunzi wa chuo kimoja hapa Unguja kupanga kurasa za jarida lao, nusu taarab nusu singeli, kurasa 16 za A4. Wenye kazi kama hiyo, fuateni hivi.

1. Programu. Tumieni Scribus. Ni ya bure, na PDF yake mchapaji huipokea bila kununa. Publisher msianze nayo sasa, maana Microsoft wanaacha kuihudumia Oktoba 2026. Canva iacheni kwa mabango ya tamasha.

2. Idadi ya kurasa. Igawanyike kwa 4, basi.

3. Safu. Wengi huchagua safu 3 kwa sababu zinafanana na gazeti, kisha wanamwaga humo maneno ya wimbo. Hapo jioni nzima hupotea. Mshororo wa mizani 16 una vipande viwili, ukwapi (cha kwanza) na utao (cha pili), na kituo cha katikati ndicho kinachomfanya msomaji ausikie wimbo. Tuseme mshororo ni huu:

*Nimekesha kwenye ngazi, nikingoja yako hodi*

Kwenye safu ya milimita 57, kwa herufi za pointi 9.5, kompyuta itaukata karibu na "nikingoja", na "yako hodi" itaning'inia chini peke yake. Mshororo wa pili utakatika kwingine, wa tatu kwingine tena. Kupunguza herufi hadi 7 si dawa, nani atasoma?

Gaweni ukurasa kwa gridi ya safu 6, nafasi ya milimita 4 kati yake, pambizo 15 kulia na kushoto. Mkiziunganisha mbili mbili mnapata safu 3 za habari na mahojiano. Tatu tatu, mnapata 2 za milimita 88, na mshororo unakaa mzima. Mkilazimika kuukata, ukateni kwenye mkato, utao uingie ndani kidogo ili jicho lijue mshororo haujaisha. Bonyezeni Shift na Enter pamoja. Enter peke yake huanzisha aya mpya na ubeti hutawanyika. Mashairi yanyooke kushoto tu. Kiitikio kiandikwe kizima mara moja, kwa herufi za mlazo.

Singeli haina vipande hivyo. Msihesabu mizani, sikilizeni rekodi, mkate pale msanii anapovuta pumzi.

Na ruhusa ya mtunzi itangulie yote haya.

4. Picha. Kwenye WhatsApp zitumwe kama dokumenti, zikitumwa kama picha hubanwa. Jalada la A4 linataka pikseli 2480 kwa 3508, pamoja na milimita 3 za ziada kila ukingo za kukatwa. Picha za jukwaani zenye taa za buluu zigeuzeni CMYK, yaani rangi nne za wino wa kuchapia, mapema: buluu inayowaka kwenye skrini wino hauiwezi, hufifia ikaelekea zambarau. Mimi huchukua ya mazoezini, yenye mwanga wa dirisha.

5. Rasimu. Chapisheni kwa ukubwa halisi, nyeusi na nyeupe, mbandike ukutani, kurasa zinazotazamana zikae pamoja. Kichwa kisichosomeka kutoka mlangoni kikuzwe. Kisha mwiteni mtu ambaye hakuandika chochote, aseme jicho lake limetua wapi kwanza.

6. Faili. PDF yenye fonti ndani yake, ukurasa mmoja mmoja kwa mfululizo. Kuzipanga kwa ajili ya kukunjwa ni kazi ya mchapaji. Mdaini nakala moja ya majaribio, iliyokunjwa na kupigwa pini, kabla hajachapa zilizobaki.