Konzi moja ya maharage: ninavyomsaidia Babu kutulia na kazi

Ninauza maharage ya njano Uyole, hapa barabara ya Zambia inapoachana na ile ya Tukuyu na Kyela. Kabla sijapima hata sado moja lazima nichambue ungo mzima: mawe, maganda, punje zilizotobolewa na wadudu. Mwanangu wa mwisho amerithi jina la babu yangu, kwa hiyo nyumbani ni Babu tu. Ana miaka minne na nusu. Alipoanza chekechea nikaona nimweke karibu tuchambue wote. Punje tano, macho yako kwenye lori. Punje mbili, anamfukuza kuku. Nami sitaficha, nilikuwa nampiga konzi. Analia, anachambua punje tatu, anaondoka.

Kilichonibadilisha ni uchovu, si hekima. Siku moja nilichota konzi ya maharage kwenye ungo wangu, nikaimwaga kwenye kisahani mbele yake: "Haya ndiyo yako, Babu. Mawe weka hapa." Akamaliza yote! Akaniletea kisahani kwa madaha, utadhani kavuna ekari. Ungo kwake haukuwa na mwisho. Kisahani mwisho wake alikuwa anauona. Tangu siku hiyo konzi ya kichwani imekoma, imebaki ya kisahani. (Mwenye mtoto wa chini ya miaka mitatu asimpe punje achezee. Huishia puani, na safari ya hospitali inaanza.)

Basi kazi yoyote ipimie konzi yake. Mwalimu alipompa ukurasa mzima wa a, e, i, o, u, nilikata kipande cha boksi nikafunika mistari yote isipokuwa mmoja. Akimaliza anakimbia hadi kwenye mparachichi na kurudi, nami nashusha boksi mstari unaofuata. Siku ya kwanza tulifika wa tatu, nikafunga daftari huku yeye bado anautaka wa nne. Fanya hivyo makusudi. Ukingoja mpaka achoke, kesho ataliona daftari atajificha. Na konzi ikimshinda, punguza konzi, usiongeze sauti.

Sauti nayo ilikuwa tatizo langu. Nilikuwa napaza nikiwa jikoni: "Babu, lete ufagio, vaa sweta, mwambie dada yako aje!" Anarudi na ufagio, sweta kavaa mkono mmoja, dada hajaambiwa. Nikamwita mkaidi. Kumbe kichwa chake kilikuwa bado hakibebi mambo matatu kwa pamoja. Siku hizi namfuata alipo, nachuchumaa, namshika bega, nasubiri anitazame, kisha nasema jambo moja. Naye analirudia kwa mdomo wake: "Nalete ufagio." Lugha hairekebishwi hapo, ilimradi ufagio unakuja. Muda pia simwambii kwa dakika, hazijui. Namwambia, "Mpaka sufuria litokote."

Mahali pa kukaa pana maana kuliko nilivyodhani. Nilikuwa namkalisha mlangoni penye mwanga, anatazama barabara, malori ya Zambia na Malawi yakipita. Wewe ungeandika? Nikageuza kigoda akatazama ukuta, simu nikaiweka chumbani, redio nikaizima. Hilo la redio lilinigharimu, maana naipenda. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya huku ikikaza, tulikuwa tunaingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha, halafu nikashangaa mtoto anasinzia juu ya daftari. Hewa ya mkaa ina sumu na inaua. Jiko libaki nje, mtoto avae sweta mbili.

Na mtoto mwenye njaa au usingizi usimdai utulivu. Uji kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka mitatu hadi minne alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, na asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1. Babu alikuwa akilala saa nne usiku kwa sababu ya katuni za kaka zake. Sasa saa mbili yuko kitandani, na ugomvi wa asubuhi umepungua nusu.

Kuna jambo ningelijua mapema nisingempiga konzi hata moja. Baada ya mafua marefu alikuwa haitikii akiitwa kwa nyuma. Jirani akasema utundu. Zahanati wakamkuta na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Tukapangiwa siku ya kurudi aangaliwe tena. Simama nyuma ya mwanao, mwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka mara kadhaa, mpeleke akapimwe masikio. Vilevile ukiona anaganda ghafla kwa sekunde chache, macho yamekodoka, hata ukimgusa hashtuki, hiyo usiiite kuota mchana. Inaweza kuwa aina ya kifafa, daktari amwone.

La mwisho ndilo linalonishinda mpaka leo. Babu akiwa anatengeneza gari la boksi na magurudumu ya visoda, anaweza kukaa kimya mpaka maharage yaive. Mimi ndiye ninayemkatiza: njoo ule, njoo unawe. Huku nalalamika hatulii! Sasa najikaza, nasubiri afunge gurudumu alilolishika ndipo nimwite. Na akimaliza simwambii tu "hongera." Namwambia nilichokiona: "Gurudumu lilichomoka mara mbili na hukuliacha."

Jana aliomba konzi mbili kwa mpigo. Nimempa moja. Ya pili ungo uko pale, akimaliza atachota kwa mkono wake, na mkono wake ni mdogo.