Detekta ya palsi inalia bila chuma: namna ya kuusaka mlango wa kelele

Umemaliza kuunga detekta yako ya palsi (kifaa cha kusaka chuma kwa kupiga palsi, yaani mapigo mafupi ya umeme, kwenye koili), umewasha, na badala ya ukimya unapata mkwaruzo usiokoma kwenye spika. Unapunguza usikivu mpaka itulie, halafu unagundua sarafu ya shilingi 500 haionekani hadi uigusishe koili. Fundi mwenzangu, usikimbilie Kariakoo kununua opampu nyingine (chipu inayokuza mawimbi dhaifu). Kelele ina mlango inapoingilia, na ukishaujua, mara nyingi tiba yake ni rezista moja au kuhamisha waya. Usipoujua, utabadilisha vipuri vyote na kelele itabaki palepale.

Mfano wangu ni saketi ambayo wengi wetu tunaiunga: koili ya mzunguko 25 wa waya wa kusukia mota, unene wa milimita 0.5, duara lenye kipenyo cha sentimita 26. Hiyo inatoa karibu mikrohenri 390 na ukinzani wa karibu omu 2. Betri ni ya volti 12, mosfeti (swichi inayowasha na kukata koili) ni IRF740, opampu NE5534 inayozidisha mara 1000. Palsi moja inadumu mikrosekunde 150, na zinapigwa 600 kwa sekunde.

Fikiria kinachotokea ndani yake. Mkondo unapanda hadi karibu ampea 3, mosfeti inakata ghafla, na volti kwenye koili zinaruka hadi 400 hivi, kikomo cha mosfeti yenyewe. Mikrosekunde 10 au 15 baadaye tunataka kuchukua sampuli, yaani kusoma mabadiliko ya mikrovolti yanayoletwa na mwangwi wa chuma kilicho karibu. Yaani tunasikiliza mnong'ono mara tu baada ya radi. Ndiyo maana kila kasoro ndogo inasikika. Na hizo volti 400 zinauma: zima kabla ya kugusa mosfeti au ncha za koili.

Hatua ya 1: Pima kelele kabla ya kuitibu

Sikio linadanganya, hasa usiku ukiwa umechoka. Weka mita kwenye milivolti za AC, ishike kwenye pato la hatua ya mwisho kabla ya sauti, na uandike namba. Kisha funga sarafu ya 500 kwenye ncha ya kijiti cha mbao, isogeze kuelekea koili ukitumia rula ya mbao, na uandike ni sentimita ngapi inapoanza kusikika. Tumia daftari. Kila ukibadilisha kitu kimoja, andika namba hizo mbili tena. Kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, maana ukibadilisha viwili hutajua kipi kilichosaidia.

Hatua ya 2: Toka nyumbani, na uigeuzegeuze koili

Mzunguko 25 wa waya ni antena. Haichagui. Inapokea sarafu, na inapokea pia taa za LED, adapta za simu, king'amuzi cha runinga na nyaya za umeme zinazopita juu ya bati.

Mimi nilijifunza hili kwa gharama. Nilikuwa naunga detekta yangu ya kwanza chumbani Tabata. Mchana ilikuwa nzuri kabisa, lakini ikifika saa moja jioni inaanza kukwaruza. Nilibadilisha opampu mara tatu, nikabadilisha mosfeti, nikachomelea upya ubao mzima. Wiki mbili zikapita hivyo. Jioni moja umeme ukakatika mtaa mzima. Detekta ilikuwa inatumia betri, ikanyamaza papo hapo, kimya ambacho sikuwahi kukisikia. Nilikaa gizani nikipitisha kijiko juu ya koili, kinasikika mbali kuliko siku zote. Umeme uliporudi, kelele ikarudi sekunde hiyohiyo. Ubao wangu ulikuwa mzima tangu mwanzo. Taa ndizo zilizokuwa zinalia, za kwangu na za majirani.

Huna haja ya kusubiri umeme ukatike. Shika koili ikiwa imelala, kisha isimamishe wima, kisha izungushe polepole kama unavyogeuza ungo. Kelele ikipanda upande mmoja na kushuka ukigeuza robo duara, inatoka hewani. Isipobadilika kabisa, kuna uwezekano mkubwa iko ndani ya ubao. Simu yako iweke mbali, mita tano au zaidi. Halafu nenda uwanja wa wazi alfajiri, au ufukweni mbali na nyumba, upime tena.

Hatua ya 3: Koili ya nane

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na wengi wanairuka.

Sokota koili ya pili yenye mzunguko 25 uleule, lakini usiigandishe. Iache laini, imefungwa kwa uzi sehemu nne tu. Ishike pande mbili, isokote katikati nusu duara mpaka iwe kama namba nane, duara mbili ndogo zinazogusana katikati. Sasa kelele inayotoka mbali inaingia duara zote mbili kwa nguvu sawa, lakini kwa mwelekeo wa kinyume, kwa hiyo zinafutana. Mikrohenri zinapungua kidogo tu, na saketi inaendelea kufanya kazi.

Iunge mahali pa koili yako, palepale nyumbani penye kelele, usome mita. Namba ikianguka sana, tatizo lako ni la hewani: nenda hatua ya 4. Ikibaki karibu ileile, achana na hewa, nenda hatua ya 5. Hapo umeokoa siku nyingi za kubahatisha. Rafiki yangu mmoja anayetafuta mabomba yaliyofukiwa katikati ya nyumba alibaki na koili ya nane moja kwa moja, kwa sababu mitaani inamtulia kuliko ya duara.

Hatua ya 4: Kelele ya hewani

Anza na idadi ya palsi. Umeme wetu ni hezi 50. Ukipiga palsi 600 kwa sekunde, hiyo ni 50 mara 12 kamili. Mawimbi madogo ya umeme yanaangukia sampuli zako karibu mahali palepale kila mara, na sauti inapanda na kushuka polepole kama mtu anayepumua usingizini. Kichujio hakiwezi kuiondoa kwa sababu inaenda taratibu kama shabaha halisi. Sogeza hadi 625, katikati ya 600 na 650. Sasa masalia yake yanatetemeka kwa kasi ya hezi 25, ambayo kichujio cha sauti kinaimeza bila shida. Kwenye saketi inayopigwa palsi na chipu ya 555 ni kugusa poteshomita (rezista ya kuzungusha) tu.

Kisha hakikisha una sampuli mbili. Ya kwanza inachukuliwa mapema, ya pili kama mikrosekunde 100 baadaye, mwangwi wa chuma unapokuwa umefifia, na saketi inatoa moja kutoka nyingine. Katika muda mfupi hivyo wimbi la hezi 50 halijabadilika sana, kwa hiyo linajifuta. Faida ya ziada: koili ikipungwa hukata usumaku wa dunia na kuzalisha volti kidogo, nazo zinafutika hapohapo. Kama saketi yako ina sampuli moja tu, nakushauri kwa moyo wote uiboreshe kabla ya kufanya lolote jingine.

Ngao ya koili, yaani foili au rangi ya grafiti inayoizunguka, inasaidia, lakini ina masharti. Iache na pengo la sentimita moja au mbili ili isiwe duara kamili, iunge kwenye mstari wa hasi (ardhi) wa opampu kwa waya mmoja, na uweke nafasi ya milimita chache kati yake na waya wa koili. Foili ya jikoni ikifunikwa nzima huonekana kama chuma ukichukua sampuli mapema. Rangi ya grafiti ni salama zaidi.

Hatua ya 5: Kelele ya ubaoni

Kwanza ondoa adapta ya ukutani na ubao wowote wa kupandisha volti. Tumia betri ya volti 12 peke yake, kama ile ya UPS. Ikitulia, umemaliza.

Isipotulia, angalia njia ya hasi. Hapa ndipo nimekuta makosa mengi kuliko popote kwenye bao ninazoletewa. Palsi inapoisha, kapasita kubwa inayolisha koili inaanza kujazwa upya kutoka betri, na inajazwa wakati uleule unaochukua sampuli. Tuseme mkondo huo ni ampea 0.2 na unapita kwenye kipande cha waya chenye omu 0.01. Hiyo ni milivolti 2. Kama mstari wa hasi wa opampu umeungwa kwenye kipande hichohicho, zidisha mara 1000: volti 2 kwenye pato, na zinacheza kila betri inapocheza.

Dawa yake: mistari ya hasi isipangwe kama shanga. Ya mosfeti, ya opampu, ya saketi ya sauti, kila moja iende na waya wake hadi ncha moja, kwenye mguu wa hasi wa kapasita kubwa. Kapasita hiyo, mikrofaradi 2200, ikae karibu kabisa na mosfeti na waya wa koili. Ilishe opampu kupitia rezista ya omu 47 na kapasita ya mikrofaradi 470, na uweke ya nanofaradi 100 kwenye miguu yake, karibu kiasi cha kugusana nayo.

Rezista ya kutuliza koili, ile iliyoungwa kwenye ncha zake mbili, ijaribu kwa omu 470, 560, 680, 820. Ikiwa kubwa mno, koili inaendelea kulia kama kengele na sampuli inaokota mlio huo. Tumia ya filamu, wati 2. Ya kusokotwa kwa waya ni koili nyingine, usiiweke hapo.

Hatua ya 6: Saa inayoyumba

Sampuli inachukuliwa mahali ambapo volti zinashuka kama maji ya mteremko. Saa ya saketi, ile inayopanga wakati wa palsi na sampuli, ikichelewa sehemu ndogo ya mikrosekunde, namba inabadilika, na mabadiliko hayo ni kelele. Wanaotumia Arduino (ubao mdogo unaoendeshwa kwa programu) wanaangukia hapa: kila milisekunde 1.024 inakatiza programu ili kuhesabu muda, na palsi yako inachelewa mikrosekunde kadhaa. Acha kupiga palsi kwa maagizo ya programu, tumia taima ya ndani iendeshe mguu moja kwa moja. Jaribio ni rahisi: chelewesha sampuli kwa mikrosekunde 5. Kelele ikishuka sana, shuku saa au rezista ya kutuliza.

Hatua ya 7: Tikisa

Gonga koili kwa kidole, pinda kebo. Ikilia, mizunguko inacheza. Ipake vanishi ya mota au gundi ya epoksi, na kebo ifungwe kwenye mti wa kushikia detekta kila sentimita 15.

Hatua ya 8: Mchanga mbichi

Sasa nenda ufukweni, Coco Beach au Kigamboni. (Kunduchi kwenye magofu usichimbe; mali kale zinalindwa na sheria ya 1964.) Anza kwenye mchanga mkavu, kisha shuka taratibu hadi mahali wimbi linapofika. Ikianza kulia hapo, hiyo si kelele. Maji ya chumvi yanapitisha umeme na detekta inakuambia ukweli. Mwangwi wake unakufa haraka, kwa hiyo chelewesha sampuli ya kwanza kutoka mikrosekunde 10 hadi 15, hata 20. Utapoteza pete nyembamba na vipande vidogo vya dhahabu, lakini sarafu zitabaki. Simama maji yanapokuja na kurudi, ongeza ucheleweshaji kidogokidogo hadi koili iguse mchanga mbichi bila sauti kubadilika. Fukia sarafu ya 500, pitisha koili juu yake, na uandike sentimita kwenye daftari lile la hatua ya 1.