SOMO: Wiki moja kwenye hoteli ya kifahari ya theluji Italia, kwa anayeondokea Malindi au Lamu

Assalam alaykum nyote. Tangu Novemba nimeulizwa swali hili hili barazani, kwenye simu, hata juzi nikisubiri samaki pwani: "Nasikia wewe huenda kule kwenye theluji. Nipangie na mimi." Nimechoka kulijibu vipande vipande. Naandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamleta hapa.

Ninayoyajua ni ya Val Gardena, bonde la milima ya Dolomiti kaskazini mwa Italia, lenye vijiji vya Ortisei, Santa Cristina na Selva. Nimekwenda mara nne, zote Januari. Kaskazi ikivuma Waitaliano hujaa kwetu. Wengi wenu mmefanya kazi nao na Kiitaliano mnakisema. Kwa hiyo woga wa lugha uacheni nyumbani.

1. Chagua wiki kwanza, hoteli baadaye. Krismasi hadi tarehe 6 Januari, sikukuu yao ya Epifania, na wiki za kanivali ndizo ghali kuliko zote. Baada ya tarehe 6 bei hushuka na theluji ipo. Hoteli nyingi huuza Jumamosi kwa Jumamosi, usiku saba.

2. Pasipoti iwe na miezi mitatu au zaidi baada ya siku utakayotoka Ulaya, na kurasa mbili tupu.

3. Viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, chini ya hapo bure. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi, na uyasome masharti yake, maana bima nyingi za kawaida hazigusi michezo ya theluji. Mpaka viza iko mkononi, shika chumba kwa bei inayoruhusu kughairi. Bei isiyorudishwa iache kabisa.

4. Hoteli yenyewe. Hapa ndipo nilipokosea, na aliyeumia ni mke wangu.

Mara ya kwanza nilichagua hoteli kwa picha. Chakula cha asubuhi na cha usiku ndani ya bei, bwawa la maji moto linalotokea nje katikati ya theluji, vyumba vya sauna vya mbao, vyenye joto kali la kutoa jasho. Mke wangu hana haja na skii, kule kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu miguuni. Mgongo unamsumbua tangu alipojifungua mara ya pili, nami nilimwahidi wiki nzima ya joto na kukandwa. Jioni ya kwanza tukashuka na majoho meupe ya hoteli, yeye ndani kavaa vazi lake la kuogelea la kujisitiri. Mlangoni mwa sauna palikuwa na kibao kidogo, picha ya nguo ya kuogelea imepigwa mstari mwekundu. Sikukielewa, nilidhani wanakataza nguo iliyolowa. Nikavuta mlango. Ndani wamekaa wanaume na wanawake pamoja, hawana hata uzi mwilini.

Mke wangu aligeuka, akapanda ngazi, hakusema neno. Joho lake alilitundika kwenye ndoano nyuma ya mlango wa chumba, likakaa pale siku sita, mikunjo ya kupigwa pasi ingali mikononi. Kila nikitoka asubuhi na kila nikirudi nililiona. Na tulikuwa tumelilipia: kwenye hoteli za aina hii bwawa na sauna vimo ndani ya bei, uvitumie usivitumie.

Wenye hoteli hawakutukosea. Bonde lile liko Alto Adige, nchi iliyokuwa ya Austria mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, na desturi yao ya sauna ni ya Kijerumani: unaingia bila nguo, unakalia taulo. Mimi ndiye niliyelipa bila kuuliza.

Basi kabla hujatoa senti, waandikie barua pepe, uulize haya yote kwa pamoja. Je, kuna sauna ya familia, ile inayoingiwa na nguo ya kuogelea ("con il costume")? Je, mnakodisha sauna na bwawa dogo kwa saa, watu wa nyumba moja peke yao? Vazi refu la kuogelea linakubaliwa bwawani? Yupo mkandaji mwanamke? Kutoka mlangoni hadi lifti ya mlimani, ile inayowapandisha wanaoteleza, ni mita ngapi, na ni kupanda au tambarare? Chumba cha kuwekea skii kina mitambo ya kukaushia buti? Mnampokea mgeni kituo cha treni?

ONYO la kwanza: "karibu na lifti" si kipimo. Mita 600 za kupanda ukiwa na buti za skii, ambazo kifundo hakikunji, na mbao begani, ni mateso. Waambie wakupe mita.

ONYO la pili: jibu likija "hakuna shida" bila maelezo, andika tena. Mara ya pili niliuliza swali moja moja, mwanamke wa mapokezi akanijibu kila kitu kwa nambari, na mke wangu akapata saa mbili zake kila jioni, mlango umefungwa kwa ndani. Siku ya nne aliniambia mgongo umelala.

ONYO la tatu ni la chakula. Kule kuna "speck", nguruwe wa kufukizwa, na anaingia usipomtarajia: ndani ya "canederli", yale matonge ya mkate yanayoelea kwenye supu. Mvinyo uko kwenye mchuzi, ramu iko kwenye keki. Sema siku unaposhika chumba, na urudie usiku wa kwanza kwa anayekuhudumia mezani: "senza maiale, senza alcol, senza gelatina", yaani bila nguruwe, bila pombe, bila jelatini. Menyu ya usiku huchaguliwa mapema, mara nyingi asubuhi, kwa hiyo jiko lina muda wa kukupikia trota, samaki wao wa mtoni. Canederli za mchicha na za jibini zipo pia, na ni tamu.

Kodi ya mgeni hulipwa hotelini, kwa kila mtu kwa kila usiku. Isikushtue siku ya kuondoka.

5. Njia. Malindi hadi Nairobi, kisha Ulaya. Msitazame Milano peke yake; Verona, Venezia, Innsbruck na München zote zinafaa. Kutoka Verona treni hufika Bolzano kwa saa moja na nusu hivi, hapo unapanda basi la bondeni. Viza ya Italia inakuruhusu kushukia Austria au Ujerumani, mradi siku zako nyingi ziwe Italia. Ndege ikitua jioni, lala mjini. Usikimbizane na basi la mwisho kwenye baridi, na watoto mkononi.

6. Nguo. Fulana ya sufu karibu na mwili, sweta la flisi juu yake, kisha koti lisilopitisha maji wala upepo. Pamba hapana: hunywa jasho, haikauki, na ukisimama unaganda. Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, utapata makoti ya theluji mazima kwa bei ya mitumba. Glavu nunua mpya. Na soksi ni jozi moja, ndefu, nyembamba. Ukivaa mbili buti inabana, damu haishuki, vidole vinakufa baridi.

7. Skii, buti, fimbo na kofia ngumu, vyote hukodishwa kule. Bima ya kumfidia utakayemgonga ni lazima kisheria tangu tarehe 1 Januari 2022. Huuzwa pamoja na pasi ya lifti, kwa euro chache kwa siku. Kofia ngumu tangu Novemba 2025 ni lazima kwa watu wa umri wote. Mwalimu mchukue ("maestro di sci"), usijifundishe kwa video. Njia za bluu ni nyepesi, nyekundu za wastani, nyeusi usizikaribie. Pasi ya lifti iitwayo Dolomiti Superski inafungua kilomita 1,200 za njia, nayo kwa mwanafunzi ni pesa ya kutupa. Panda gari la kebo kutoka Ortisei hadi Alpe di Siusi, uwanda mpana wa juu, ujifunze pale. Asiyetaka skii atembee kwa miguu, njia zimeshindiliwa.

MASWALI

Kasa wa Watamu: Bei gani kwa ujumla?

Mwandishi: Inategemea wiki, hoteli na idadi ya watu. Soma hatua ya 1, chagua wiki, waandikie hoteli tatu, ulinganishe majibu.

Kasa wa Watamu: Nilitaka makadirio tu kaka.

Mwandishi: Nikikupa ya Januari utakwenda Krismasi, kisha utasema nimekudanganya. Niambie tarehe na mko wangapi, nikusaidie kuandika barua.

Binti Shela: Ahsante kwa kusema la mkeo, wengi wangelificha. Swali langu: hijabu na kofia ngumu vinakaaje pamoja? Nikivaa mtandio wangu wa kawaida utavimba ndani.

Mwandishi: Swali zuri sana dada. Nimemwita mama watoto, haya ni maneno yake. Mtandio wa kuzungusha na pini uuache chumbani. Kofia inaikandamiza pini kichwani, na ukianguka inachoma. Vaa hijabu ya kuvuta, ya kitambaa cha michezo, inayofunika shingo, na ncha zake uziingize ndani ya kola ya koti. Unapokwenda kukodi kofia, uende umeivaa hiyo hijabu, ili upimiwe juu yake. Nywele uzisuke chini, usawa wa shingo. Fundo likiwa kisogoni kofia inasukumwa mbele na huoni. Koti chukua linalofika magotini. Anasema alijiona amesitirika kuliko Mombasa.

Binti Shela: Mwambie namshukuru mno. Na sala?

Mwandishi: Siku ni fupi. Januari mwanzoni jua huzama kama saa kumi na nusu, kwa hiyo kati ya Adhuhuri na Magharibi kuna saa nne tu na kidogo. Sisi huteleza asubuhi, tunarudi chumbani kabla ya saa nane, hatutoki tena. Kukusanya na kupunguza muulize maalim wako kabla ya safari, mwambie ni siku ngapi, maana idadi ya siku inabadilisha hukumu. Hoteli nyingi za Italia zina bide chooni, beseni la kujisafishia kwa maji, kwa hiyo kopo si lazima.

Dau la Amu: Mimi nimeshalipa ofa isiyorudishwa, viza sijaomba bado. Nifanyeje?

Mwandishi: Hatua ya 3, sentensi ya mwisho.

Dau la Amu: Sasa si ungeandika mapema! Watu tumeumia.

Mwandishi: Ndugu yangu, sikuwa na deni la kuandika. Nimeandika kwa sababu niliumia kabla yako. Leo hii waandikie, uombe wakuhamishie tarehe badala ya kukurudishia pesa. Baadhi hukubali, kwa kuwa chumba bado watakiuza. Ukinyamaza mpaka wiki ya safari, hawatakusikiliza.

Mzee Nahodha: Mwanangu, mie ni mtu wa Amu, miaka 64, wanangu wanataka kunipeleka. Kifua changu hakipendi baridi. Huko juu mtu hupumua?

Mwandishi: Shikamoo mzee wangu. Selva iko mita 1,563, chini ya Nairobi. Ikiwa Nairobi unalala vizuri, kijijini utalala. Juu kwenye lifti ndiko kwingine: Seceda inakaribia mita 2,500, na hewa ni kavu na baridi pamoja. Funika mdomo na pua kwa leso ya sufu, uvute hewa kupitia hapo. Muone daktari kabla ya safari, na dawa ya kuvuta, kama unayo, iwe mfuko wa ndani karibu na mwili, isipoe. Chumba chagua upande wa kusini. Jua la mchana linaingia mpaka kitandani.

Mzee Nahodha: Marahaba, Mungu akuweke. Na huo weupe wa theluji? Baharini jua la majini limeniharibu macho.

Mwandishi: Theluji mpya inarudisha jua kuliko maji, mzee, hadi asilimia 80 ya ile miale inayochoma. Miwani isiyo na ubora usipeleke. Na chini ya kidevu paka losheni ya jua, maana jua linakuja kutoka chini.

Kijana wa Ngomeni: Je, theluji isipoanguka? Pesa imepotea?

Mwandishi: Nami niliwahi kuuliza hivyo hivyo, mwalimu wangu akanipeleka kuuona mtambo usiku. Ni kama feni kubwa: unarusha maji yaliyopasuliwa vitone vidogo pamoja na hewa ya mgandamizo, na vinaganda kabla ya kutua. Unahitaji hewa ya chini ya sifuri na iliyo kavu, ndiyo maana hufanya kazi usiku. Unasimama kando unasikia mvumo kama jenereta la hoteli zetu, na usoni unadondokewa na kitu kama mchanga laini. Kwa hiyo njia za skii huwa nyeupe hata pembeni kukiwa na nyasi. Ukitaka na misitu iwe nyeupe, nenda Januari mwishoni.

Kijana wa Ngomeni: Maji yanatoka wapi?

Mwandishi: Wana mabwawa ya kuhifadhia juu mlimani. Ukifika omba uonyeshwe, wao hupenda kuulizwa.

Mama Ubani: Nyongeza yangu, nimekwenda na mwajiri wangu wa zamani. Mafuta ya nazi msiweke kwenye chupa ya mdomo mwembamba. Yangu yaliganda kwenye mkoba nikawa nakwangua kwa kijiti.

Mwandishi: Kweli kabisa bibi, chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda. Yawe kwenye kopo la mdomo mpana, ulale nalo karibu na hita. Na ni ya usiku tu, baada ya kuoga. Mchana ni losheni ya jua.

Mama Ubani: Na midomo?

Mwandishi: Samli. Mke wangu hubeba kikopo kidogo, na mwaka jana wahudumu wawili wa hoteli walikiomba. Mwaka huu anawapelekea.