Jinsi ya Kumsaidia Mwalimu Anayeendesha Mradi wa Sayansi wa Kuhudumia Jamii

Mwalimu wa sayansi akitangaza kwamba wanafunzi wake watapima maji ya kaya zinazozunguka shule, mara nyingi hupewa pongezi, kisha semina ya siku mbili. Vyote vizuri, lakini hakuna kinachompunguzia kazi. Kinachomwangusha ni saa: saa za kufunga vifaa, za kufuatilia ridhaa za wazazi, za kukaa na madaftari yenye namba zisizoeleweka. Mwongozo huu ni wa mwalimu mkuu, mratibu wa taaluma au mtaalamu wa kujitolea anayetaka kumpunguzia saa hizo. Mfano tutakaoufuata ni upimaji wa klorini kwenye maji ya kunywa yaliyohifadhiwa majumbani.

Punguzeni swali kwanza

"Je, maji ya jamii yetu ni salama?" si swali la darasa. Lina vimelea, kemikali, mabomba na usafi wa ndoo ndani yake, na hakuna kipimo kimoja kitakacholijibu. Kaeni pamoja mlikate hadi libaki hivi: "Saa 24 baada ya familia kutia klorini kwenye maji ya kunywa, je, klorini huru iliyobaki (ile ambayo bado haijaungana na vitu vingine majini) bado inafika miligramu 0.2 kwa lita?" Hapo kuna kitu kimoja cha kupima, muda unaojulikana na kiwango cha kulinganishia.

Kisha ulizeni nani atalitumia jibu. Tafuteni mtu mwenye mamlaka ya kubadilisha jambo: mhudumu wa afya anayegawa dawa ya maji, au kamati ya maji. Zungumzeni naye kabla ya wanafunzi kutoka darasani, na mwandikiane ukurasa mmoja: nini kitapimwa, lini atapewa matokeo, naye ameahidi kufanya nini. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, wanafunzi watajifunza kupima, sawa, ila huduma kwa jamii haitakuwepo.

Tafuta muda ndani ya ratiba

Mradi wa mzunguko mmoja hula vipindi 12 hivi vya dakika 40: viwili vya swali na mpango, kimoja cha mazoezi ya kipimo, viwili mfululizo vya kazi ya uwandani, kimoja cha kurudia vipimo vyenye shaka, vitatu vya takwimu, viwili vya kuandaa mrejesho na kimoja cha tafakari. Angalia namba ya takwimu. Mipango mingi huipa kipindi kimoja, na hapo ndipo miradi hufia.

Usiviongeze vipindi hivi juu ya mtaala. Fungua muhtasari wa somo pamoja na mwalimu, chagueni mada mbili ambazo mradi utazifundisha (viwango vya myeyusho na wastani, kwa mfano), na mfute vipindi vya kawaida vya mada hizo. Kupata vipindi viwili mfululizo ni kazi yako wewe, kwa sababu kunahitaji kubembeleza walimu wa masomo mengine.

Vifaa: piga hesabu, kisha funga mwenyewe

Darasa la wanafunzi 30 ligawe makundi 6 ya watu 5. Kila kundi likienda kaya 2 na kupima kila chombo mara 3, hivyo ni vipimo 36. Ongeza kimoja cha ulinganisho kwa kila kundi, yaani maji yaliyochemshwa yakapoa, ambayo hayana klorini: 42. Ongeza kimoja cha mazoezi kwa kila kundi: 48. Agiza vidonge 60 vya DPD (dawa inayogeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi), maana vingine vitavunjika na vingine vitaangukia majanini.

Kila kundi lipewe mfuko wake uliokwisha kufungwa: kipima-rangi, vidonge, kijiti cha kupondea, kitambaa safi, chupa ya maji yasiyo na klorini, saa, jedwali lililochapwa na penseli mbili. Penseli, si kalamu, kwa sababu wino huyeyuka karatasi ikilowa. Ukifunga mifuko hii jioni ya kabla ya safari, umemwokolea mwalimu usingizi.

Pimeni ninyi wawili kabla ya wanafunzi

Kaa na mwalimu saa moja mkifanye kipimo chote. Suuza kijaribio (kichupa cha kupimia) mara tatu kwa maji yale yale ya sampuli, jaza mililita 10, futa nje pakauke, tia kidonge bila kukigusa kwa vidole, ponda, tikisa, soma rangi. Kinaonekana rahisi, lakini kina mitego mitatu.

Wa kwanza ni kuchelewa kusoma. Rangi ya waridi huendelea kukolea kadiri klorini iliyoungana na vitu vingine inavyoanza kuitikia kidonge, kwa hiyo rangi isomwe ndani ya dakika moja. Kundi linalobishana kwa dakika tano litaandika namba kubwa kuliko ukweli.

Wa pili ni mabaki ya kidonge kilichotangulia. Ndiyo maana maji ya ulinganisho hupimwa katikati ya kazi, si mwanzoni: yakigeuka waridi, kijaribio ni kichafu.

Wa tatu ndio mbaya zaidi. Maji yenye klorini nyingi kupita kiasi huiunguza rangi yenyewe: waridi humulika kidogo kisha hupotea, na mwanafunzi huandika sifuri. Familia iliyozidisha dawa itashauriwa kuongeza dawa! Kwa hiyo mwanafunzi mmoja wa kundi aangalie kijaribio tangu kidonge kinapogusa maji. Akiona rangi imetokea ikapotea, wachukue mililita 1 ya sampuli, waongeze mililita 9 za maji yasiyo na klorini, wapime upya, na jibu walizidishe kwa 10.

Watakaotamani kupima bakteria waambiwe wasubiri awamu nyingine. Kazi hiyo hutaka chupa zilizotakaswa zenye sodiamu thiosalfeti (bila hiyo klorini huendelea kuua bakteria njiani na maji machafu yakaonekana safi), sanduku la barafu, joto la nyuzi 35 hadi 37 kwa muda wa siku nzima, na namna salama ya kuharibu kilichoota. Ni mzigo mwingine kabisa.

Siku ya uwandani

Pata mtu mzima mmoja kwa kila kundi. Ridhaa za wazazi na za kaya zikusanywe na wewe, wiki moja kabla. Kaya zipewe namba, majina yasiingie kwenye jedwali. Klorini ipimwe pale pale nyumbani. Sampuli iliyobebwa juani hadi maabara hupoteza klorini njiani. Jedwali liwe na safu ya saa ambayo dawa ilitiwa, aina ya chombo na kama kina mfuniko, maana bila hizo namba haziwezi kuelezwa baadaye.

Namba zinapokuja zimevurugika

Hapa ndipo mwalimu anakuhitaji kuliko siku nyingine zote. Kaya moja itakuwa na 0.3, 0.3 na 1.1. Wanafunzi watataka kuifuta 1.1 ili wastani upendeze. Wasifute. Waizungushie duara, warudi kwenye maelezo (nani alisoma, baada ya dakika ngapi?), na kama kuna njia warudie kipimo. Ikibaki bila maelezo, waripoti namba zote tatu. Kaa darasani vipindi hivi vitatu, zunguka kwenye makundi, na uulize "mnajuaje?" badala ya kuwapa jibu.

Kurudisha matokeo

Matokeo yaende kwanza kwa yule mliyeandikiana naye, kisha kwa kila kaya faragha, na mwisho kwenye mkutano wa wazi yakiwa ya jumla. Ukibandika orodha ya kaya "zilizofeli" ubaoni, mwakani hakuna atakayefungua mlango.

Lugha nayo ipimwe. Wanafunzi waseme "vipimo vyetu vinaonyesha klorini iliyobaki ni ndogo", wasiseme "maji yenu ni sumu". Kwa kaya iliyo chini ya 0.2 wawe na ushauri mkononi: kufuata kipimo cha dawa kilichoandikwa kwenye kifungashio na kusubiri dakika 30 kabla ya kunywa, kuhifadhi maji kwenye chombo chenye mdomo mwembamba na mfuniko, au kuyachemsha hadi yatokote. Mhudumu wa afya auhakiki ushauri huo kabla haujatoka.

Baada ya hapo, weka kwenye faili moja jedwali tupu, hesabu ya vifaa, barua ya ridhaa, makubaliano ya ukurasa mmoja na orodha ya yaliyoharibika. Acha nakala ofisini. Mwalimu akihamishwa, faili libaki.