Kabla ya kumpeleka mgonjwa wa uvimbe wa chini ya fuvu kwenye mionzi

Msimsuke kwanza. Kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kutengeneza barakoa za wagonjwa wa mionzi ya kichwa, na nywele hutukwamisha kuliko watu wanavyodhani.

Uvimbe wa kitako cha fuvu hukaa pabaya: jirani na neva za macho na za kusikia, mishipa mikubwa ya damu na shina la ubongo. Mionzi lengwa hupita pande nyingi, kila mwale ukiwa hafifu, kisha yote hukutana kwenye uvimbe. Hapo tunahesabu milimita. Uvimbe wa neva ya kusikia, ukitibiwa mara moja tu, kwa kawaida hupewa grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 12 hadi 13. Neva ya macho hatutaki ipate zaidi ya 8 hadi 10. Ndiyo maana uvimbe uliogusa neva ya macho hugawiwa dozi ndogondogo, pengine kwa wiki 5 au 6. Msiogope mkiambiwa hivyo, si dalili kwamba ugonjwa umezidi.

Barakoa yenyewe, ya kushika kichwa kisicheze, ni bamba la plastiki lenye matundu. Nalilainisha kwenye maji ya moto, nalivuta usoni likiwa na joto la kuvumilika, na baada ya dakika chache linakakamaa kwa umbo la uso wake. Anapumua vizuri tu. Sasa, akipimwa akiwa amesuka rasta halafu aje amezifumua, kichwa kinacheza ndani. Aje na nywele fupi au zilizolala, zibaki hivyo hadi siku ya mwisho. Ndevu vilevile. Anayevaa hijabu aombe mhudumu wa kike mapema. Na kama anatumia deksamethasoni (dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo), uso ukivimba barakoa itabana: tuambieni, tutaitengeneza upya. Dawa hiyo asiikate ghafla, na mwenye kisukari apime sukari mara kwa mara.

Muwe na sidii ya MRI (picha ya kichwa inayopigwa kwa sumaku), maana karatasi ya majibu haitoshi kupangia mionzi. Pia kipimo cha figo kwa ajili ya dawa ya kung'arisha picha, cha macho au masikio, na cha homoni kama uvimbe uko kwenye pituitari, tezi ndogo ya homoni iliyo chini ya ubongo.

Kwa daktari, iwe MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili) au Taasisi ya Saratani Ocean Road, ulizeni: uvimbe una sentimita ngapi? (Ukipita 3, tiba ya mara moja huwa ngumu.) Uko mbali kiasi gani na neva ya macho? Hapa mnatibu kwa mara moja, au tunahitaji rufaa?

Baadaye msitarajie uvimbe utoweke. Lengo kubwa ni usikue, na miezi ya mwanzo unaweza hata kuvimba kidogo. MRI ya kwanza huwa baada ya miezi 6 hivi. Lakini akipungukiwa kuona ghafla, akapata degedege, au kichwa kikamuuma sana huku anatapika, mpelekeni hospitali usiku huohuo.